Begi la Chini ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu,

Tiketi ya Mama imepatikana. Anaondoka Jumamosi ya tarehe 29 jioni, atabadilisha ndege mara moja njiani, na Jumapili mchana nitakuwa naye. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua simu za nyumbani kwetu zilivyo. Nikisema "haloo" tu, Mama keshaichukua, keshaiweka sauti kubwa, na mtaa mzima unajua kwamba nimefika miezi minane na miguu imevimba. Mambo ya safari yanataka utulivu.

Sasa sikiliza. Tiketi niliyonunua ni ile ya kubana matumizi. Haina mzigo wa kupakiwa wala begi la kuweka juu. Inaruhusu begi moja dogo tu, linaloingia chini ya kiti cha mbele yake. Pale uwanjani wana kisanduku cha chuma. Begi lisipoingia humo unalipishwa papo hapo, na hawakuonei huruma kwa mvi zako. Mtafutie begi la magurudumu, asihangaike kubeba, ila liwe dogo. Ndani weka pasipoti na karatasi za kibali, dawa za presha zikae juu kabisa, sweta maana ndani ya ndege ni baridi, gauni moja la kubadilisha na nguo za ndani. Basi. Mengine atayakuta hapa. Mafuta yawe kwenye vichupa vidogo tu. Na asiweke chochote cha kukata.

Daktari anasema mtoto ni katikati ya Aprili. Mume wangu akiondoka na lori lake ni wiki nzima, kwa hiyo likizo ya uzazi ikiisha mimi narudi kufua mashuka ya hospitali, na Mama anabaki na mtoto. Bosi nimeshamwambia. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji wetu anilelee mtoto mmoja, sasa mimi wasiwasi wangu uwe wa nini?

Mdogo wako, mama kijacho


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Nimekusoma nikiwa kwenye cherehani, nikacheka mpaka sindano nusura inichome kidole. Wewe na magurudumu yako. Kisanduku kile hakipimi begi peke yake, kinapima na kila kitu kilichoota juu yake: magurudumu, mkono wa kuvutia, mpaka vile vifuniko vya pembeni. Ukitoa hivyo, ndani inabaki nafasi ya jozi moja ya viatu. Mimi nashona mabegi tangu wewe unalia ukinyimwa peremende, kwa hiyo hili niachie. Litakuwa la turubai laini, linalobonyea. Nimetengeneza boksi la kadibodi kwa vipimo vya tiketi yako, na nitalishona begi kwa kupunguza kidole kimoja kila upande, maana begi likiwa tupu linakudanganya. Likishiba ndiyo linaonyesha tumbo lake.

Mama amekaa hapa karakana, ananiangalia. Jana nilimpa begi la mfano ajaribu kupanga vitu vyake. Alilifunga haraka, na vizuri kuliko mimi. Nilipofungua nikakuta pamba, glavu, sabuni, uzi, wembe mpya na mkasi wake wa kazi umeviringishwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Gauni halimo. Dawa hazimo. Nikamwambia, Mama, unakwenda kutembea au unakwenda kuzalisha? Akanitazama kama vile nimeuliza upuuzi.

Jambo moja. Shemeji hawezi kuomba safari fupi fupi kwa miezi ya mwanzo? Mtoto mchanga ni kazi, na Mama si msichana tena. Lifikirie tu.

Dada yako


Jumamosi, 8 Machi

Dada,

Nimemsimulia mume wangu habari ya mkasi, tumecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mama na kazi yake hawaachani. Ila hakikisha unautoa, maana wakiukuta kwenye mashine ya ukaguzi watamweka pembeni na kumhoji, na unajua ulimi wa Mama.

Safari fupi haiwezekani. Zinakwenda kwa madereva wa zamani, na mume wangu hata mwaka hajamaliza.

Sasa niruhusu nikuulize bila kuzunguka mbuyu. Nilipokuambia Mama anakuja, ulinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Nilipoomba picha zake za kibali, ukazichelewesha. Leo unaniambia Mama si msichana. Unaona wivu? Miaka yote Mama amekuwa wako. Wewe ndiye unayemwamsha, unayekula naye, unayejua anacheka nini. Mimi nimemwomba mara moja tu, tena nikiwa na mimba. Kama hutaki aje, sema hutaki. Usiupake uzee wake makosa ambayo hayapo.

Mdogo wako


Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Umesema wivu. Sawa, nimesikia.

Begi limekwisha. Ni jekundu, lionekane kwa mbali. Zipu ni moja tu, kubwa, na kwenye mkia wake nimefunga utepe mpana ambao hata vidole vigumu vitaukamata. Nje sikuweka mfuko wowote. Ndani iko mitatu: wa pasipoti nimeudarizi ndege, wa dawa nimeudarizi glasi ya maji, wa miwani nimeudarizi jicho. Ubavuni nimeshona dirisha la plastiki, nikaweka picha yako na namba yako ya simu. Mkanda unavuka kifua, akae nalo mwilini mpaka atakapoketi.

Kila siku tunafanya mazoezi. Tunakaa kwenye mabenchi mawili, mbele na nyuma kama ndani ya ndege, naye analisukuma begi kwa mguu mpaka liingie chini ya benchi la mbele. Halafu namwomba alitoe.

Ukitaka kuzungumza naye piga asubuhi. Jioni anakuwa amechoka.

Dada yako


Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Ndege, glasi na jicho ni vya nini? Mama anasoma. Mimi kusoma nilifundishwa naye, kwa maandishi ya kwenye chupa za dawa, kabla sijapelekwa shule. Na hilo begi la kusukuma chini ya benchi kila siku, kitu ambacho hata mtoto anakishika mara moja, mnakifanyia mazoezi ya nini?

Jana nilipiga jioni. Nilifanya makusudi kwa sababu ulinikataza. Mama akapokea, akaniuliza hali, sauti yake ile ile. Kisha akauliza, hii ni mimba ya ngapi? Nikamwambia ya kwanza, Mama, si unajua. Akasema vizuri, za kwanza hazina haraka. Halafu akaniuliza natokea mtaa gani.

Nikasikia ukimpokonya simu. Ukasema mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzima, Dada, nilikuwa nasikia mpaka cherehani ya mwenzako wa karakana.

Mama ana nini? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Macho yamepungua nguvu, ndiyo maana nikadarizi picha. Jioni anakuwa na usingizi, anaropoka kama mtu yeyote mwenye usingizi. Usijipandishe presha na hali hiyo uliyo nayo. Nina kazi za wateja zimenijaa mpaka hapa, tutaandikiana wiki ijayo.

Dada yako


Siku ya kliniki

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Barua hii nimempa fundi viatu wa jirani aipige picha akutumie, kwa sababu dada yako siku hizi anachungulia kila ninachofanya. Usimwambie.

Kuna mwizi humu ndani. Kila nikifunga begi langu, nikigeuka mkasi haupo. Namwuliza dada yako, ananiambia labda umesahau ulipouweka. Mimi mkasi sisahau. Mengine ndiyo, nasahau, na hilo nataka ulijue kutoka kwangu mwenyewe. Juzi nilisimama jikoni nikashindwa kujua nimefuata nini, na jiko linawaka. Nilikaa chini nikalia. Nilimwapisha dada yako asikuambie mpaka nitakapomshika mtoto wako, maana najua ungenizuia. Ametii, maskini, lakini naona jambo hili linamla.

Ninachotaka ni kidogo. Nataka kumshika huyo mtoto wakati bado najua kwamba ni mjukuu wangu. Baada ya hapo lije litakalokuja.

Kula vizuri. Lalia ubavu wa kushoto. Usikae na kiu. Miguu ikivimba na kichwa kikauma kwa pamoja, usisubiri kukuche, nenda ukapimwe. Uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, mtume mumeo aje aniite. Nakaa nyumba ya pili baada ya kliniki, mlango wa kijani. Agonge dirisha, asione haya. Begi langu liko tayari siku zote. Usiogope, dada, wengi wamepita mikononi mwangu na wote wanatembea. Ukija kliniki njoo na kadi yako, nami nitakuandikisha kwenye zamu yangu.

Mkunga wa zamu


Jumatano, 19 Machi

Nimepata barua kutoka kwa Mama. Fundi viatu ameituma, usimlaumu. Imeanza na mama yangu, imemalizika na mkunga asiyenijua. Nimeisoma nimekaa sakafuni bafuni.

Nilikuuliza wazi wazi ukanijibu habari za macho.

Mama nimemwelewa. Mtu mzima anaogopa, anaficha. Lakini wewe ulijua nimepanga nini. Barua yangu ya kwanza kabisa niliandika: Mama anabaki na mtoto. Wewe ukanijibu habari za magurudumu. Ningemwacha mwanangu wa wiki kadhaa na mtu anayesimama jikoni hajui amefuata nini, jiko linawaka, mimi nikaenda kufua mashuka huku naimba. Ungeniambia lini? Watu wakishatandika mkeka wa msiba?

Na kumpandisha ndege peke yake. Abadilishe ndege. Na begi lenye ndege ya kudarizi.

Kesho napiga simu kufuta tiketi.


Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapiga.

Ilianza mwaka jana na vitu vidogo. Funguo ndani ya friji. Chumvi mara mbili. Nikasema uzee. Halafu siku moja natoka kununua nyuzi, narudi hayupo. Nilimkuta kwenye geti la kliniki ya zamani amevaa koti lake jeupe, anagombana na mlinzi kwamba anacheleweshwa zamu. Mlinzi hamjui, anamsukuma. Nilipomshika mkono akaniita nesi, akaniambia nimweleze huyu mpumbavu yeye ni nani. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau na haurudi nyuma. Sura za watu zitamtoka moja moja, na hakuna anayeweza kusema itaanza ya nani.

Akili ilipomrudia ndipo aliponiapisha. Lakini sitajificha nyuma ya kiapo. Ningeweza kukataa, na sikukataa kwa sababu nimechoka. Nimechoka, mdogo wangu, mpaka naona haya kulisema. Nasimamisha cherehani kila saa nikamtafute. Naoga mlango wazi. Wateja wamekwenda kwa mafundi wengine na wala siwalaumu. Nikajiambia, akifika kwako utamwona kwa macho yako, na hutakuwa na moyo wa kumrudisha. Nilitaka kukutwika mzigo huku nikiuita zawadi. Kuhusu mtoto, nilipanga kukueleza Mama akishapanda ndege. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta naongeza mshono kwenye begi.

Ulisema wivu. Ninao, lakini si huo uliodhani. Wewe ulikuwa bado una mama wa kwenye simu, anayekuuliza umekula nini. Mimi wangu anaondoka mbele ya macho yangu, na kila asubuhi namsalimu kwanza nione leo ni nani.

Akibaki hapa, atamsahau mjukuu kabla hajamwona. Ukifuta tiketi sitakulaumu, na nitaendelea naye kama nilivyokuwa. Amua.

Dada yako


Jumanne, 25 Machi

Dada,

Sikufuta. Nilipiga, nikaambiwa nisubiri, nikakata simu mwenyewe.

Nimekaa kimya siku zote hizi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na wewe ni mkubwa wangu. Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha. Hukuniomba. Hilo ndilo linalonichoma. Ungesema tu, mdogo wangu, nimeelemewa, njoo tushike wote, ningekataa kweli? Labda ningekataa. Lakini ungeniacha nikatae mwenyewe.

Mume wangu amekwenda kwa bosi wake akaeleza yote. Wamempa gari dogo la kusambaza vitu humu mjini kwa muda, mshahara umepungua. Mimi nimeomba nusu zamu. Yeye akiingia ndipo nitakapotoka. Mtoto hatabaki na Mama peke yao, hata mtu akienda chooni. Kibali chako nimeanza kukiombea leo, na ukikipata uje, tukae chini watatu tuamue Mama ataishi vipi. Safari hii usifiche kitu.

Kampuni ya ndege nimewaambia ukweli. Mhudumu mwenye kiti cha magurudumu atampokea kwako, atamkabidhi kwa mwenzake pale pa kubadilishia, na huyo atamkabidhi mpaka kwangu. Lakini ndani ya ndege atakuwa peke yake, na hapo ndipo usingizi unaponipotea. Akizinduka hajui yuko wapi, akaamua kusimama atafute mlango, nani atamtuliza? Kitu pekee anachokijua kitakuwa kile kilicho miguuni pake. Kwa hiyo yale niliyokuagiza mwanzo yasahau, gauni na vichupa vya mafuta. Mama wa leo unamjua wewe, mimi simjui. Lifunge unavyoona.

Mdogo wako


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Nimelifunga na kulifungua begi hili mpaka zipu imelainika. Kwanza nililipanga kama mtu mwenye akili zake angelipanga, sweta, gauni, kandambili. Mama akaja, akavitoa kimoja kimoja akaviweka mezani kwa adabu, kama mtu anavyoshika vitu vya mgeni. Kumbe ndivyo itakavyokuwa kule juu. Atafungua, akute vitu asivyovijua, aseme hili si langu, asimame akatafute la kwake.

Basi nikamwambia, Mkunga, lifunge wewe. Akalifunga huku ananifundisha kama mwanafunzi wake. Pamba huku, kwa sababu ndiyo inayotangulia kuhitajika. Glavu juu yake. Sabuni pembeni, isiguse kitambaa cha mtoto. Mikono yake inajua kila kitu kinakaa wapi, hata kama kichwa hakijui huu ni mwaka gani. Mimi nikawa nachomeka vya safari kwenye nafasi zilizobaki. Pasipoti na dawa ziko kwenye mifuko yake, na sweta nimelikunja ndani ya kitambaa cha kumpokelea mtoto.

Vikabaki mkasi na wembe. Nimeacha kuiba, safari hii nilivichukua mbele ya macho yake. Sura yake ikabadilika. Alinikamata mkono kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akaniuliza, kitovu nikikate kwa meno? Hakuachia. Nikajua hapa ndipo tumekwama, huyu hatafika hata mlangoni. Nilijaribu kumweleza habari za uwanja wa ndege, akazidi kukaza. Mwisho nikamwambia, Mkunga, mkasi uko huko huko kwa mzazi, umeshachemshwa. Akauliza, umechemshwa au umemwagiwa maji ya moto? Nikasema umechemshwa mpaka maji yakapungua nusu. Akafikiri. Akasema, hapo sawa, akauachia mkono wangu, akavuta zipu mwenyewe.

Kwa hiyo akikuuliza, mkasi unao na umechemshwa. Nakuomba usimkosoe.

Kwenye boksi la kadibodi begi limeingia. Kesho jioni ndiyo hiyo. Naogopa sana, mdogo wangu, nakuambia kama lilivyo.

Dada yako


Jumamosi, 29 Machi

Ameingia.

Nakuandikia nikiwa hapa nje ya uwanja. Kwenye kisanduku cha chuma begi liligoma. Asubuhi, mimi nikitafuta teksi, Mama alikuwa ameongeza mabunda mawili ya pamba bila kuniambia. Mhudumu akasema punguzeni au lipeni. Mama akalikumbatia begi, akaanza kupandisha sauti, watu wakageuka. Nikapiga goti nikalikandamiza kwa kiwiko mpaka pamba ikanywea na begi likazama. Lingekuwa la magurudumu tungeumbuka.

Ofisa akamwuliza, mama, begi hili umelifunga mwenyewe? Mama akajibu, mimi na msaidizi wangu huyu, ana mikono mizuri ila anaiba mikasi. Ofisa akacheka, akamrudishia pasipoti.

Aliniaga kwa kunipa mkono, kama watu wa kazini. Akaniambia nisafishe chumba vizuri kabla wenzetu hawajaingia zamu. Nikasema sawa, Mkunga. Kiti kikasukumwa, begi limekaa kifuani, na hakugeuka kunitazama.

Akifika niambie. Hata ikiwa ni habari mbaya, niambie wewe, nisiambiwe na mtu mwingine.

Dada yako


Jumatatu, 31 Machi

Dada yangu,

Jana nilikutumia neno moja tu, amefika, kwa sababu sikuwa na nguvu ya la pili. Leo nakueleza.

Abiria walitoka wote wakaisha. Wakatoka marubani wanavuta mabegi yao. Mlango ukajifunga. Nilikuwa nimeshika chuma cha kizuizi, tumbo limekaza mpaka mume wangu akaniuliza kama ndiyo mambo yenyewe yameanza. Kisha mlango ukafunguka, akatokea mhudumu anasukuma kiti kitupu. Sijui nilisema nini, lakini nilipiga kelele, na watu walinishika. Kumbe Mama yuko nyuma yake, anatembea kwa miguu yake, begi jekundu kifuani. Mhudumu akasema amekataa kukikalia tangu kule walikobadilishia. Anasema viti vya magurudumu ni vya wazazi.

Mhudumu huyo alipewa habari za safari na wenzake wa ndani ya ndege. Mama alisinzia, akazinduka, akataka kusimama kama nilivyoogopa. Mguu wake ukagusa begi. Akalivuta, akalifungua, akapapasa vitu vyake kimoja kimoja, akalifunga, akalirudisha chini ya kiti kwa mguu. Akatulia. Alifanya hivyo njia nzima, na hakumsumbua mtu. Ulilifunga vizuri, Dada.

Nikamkimbilia, kwa mbio za mtu mwenye tumbo. Nikasema, Mama. Hakuniangalia usoni. Aliangalia tumbo, akaliwekea mikono miwili pale pale mbele za watu, akabonyeza juu, pembeni, chini, amefumba macho. Akasema, kichwa kiko chini, mtoto amekaa vizuri, dada, usiwe na wasiwasi. Ndipo akaniangalia. Nilitafuta usoni kwake hata chembe ya kunijua, nikakosa. Sura yangu nayo imeshamtoka. Niliumia, Dada, sijawahi kuumia hivyo, na hapo hapo nikaelewa wewe umekuwa ukiamka na nini kila siku. Hasira niliyokuwa nayo juu yako iliniishia nikiwa nimesimama pale.

Nikaanza kulia kama mtoto. Akafungua begi, akatoa pamba, akanifuta machozi taratibu, jicho moja kisha la pili. Akaniuliza, mama yako yuko wapi? Mimba ya kwanza hii, hufai kuwa peke yako.

Nikamwambia, amefika leo.

Akasema, afadhali. Akanishika mkono, tukaenda kwenye gari.

Mdogo wako